Muhuri wa Mume, Muhuri wa Mke

Sarang aliweka muhuri wa mti juu ya kitambaa, akaugonga kwa kiganja, akauinua. Ua la chokaa na gundi likabaki pale, jeupe, kingo zake safi.

"Endelea," alisema mzee Bachal bila kumtazama. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, chai yake ameimimina kwenye kisosi, anaipuliza.

Sarang akaendelea. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Mlangoni mwa jikoni Rabail alikuwa anakanda unga ambao ulishakandika zamani.

Sharti la Bachal lilijulikana mtaa mzima, na hata katika mji wa Hala. Atakayemwoa binti yake Rabail avae ajraki, shuka la maua, aliyoichapa kwa mikono yake mwenyewe, pande zote mbili, mbele na nyuma. Akishindwa, kuna watu wa mji wa Matiari walikwishaleta posa, nao walikuwa wanasubiri jibu.

Sarang alikuwa mtoto wa binamu yake Bachal, fundi simu huko Karachi. Kuchapa alijifunza kwa kutazama ukurasa wa Rabail mtandaoni, ambako binti huyo alikuwa anaonyesha kazi ya baba yake na watu wa dunia nzima wanatazama.

"Nimezirudia video zako zote," alimwandikia wakati fulani. "Mpaka pete zako nazijua."

"Tazama muhuri, achana na pete," Rabail alijibu.

Sasa upande wa mbele ulikuwa umekwisha na kukauka. Sarang akakigeuza kitambaa, akauchovya muhuri uleule, akagonga. Rabail alifumba macho.

Bachal alimwacha achape safu nzima. Kisha akainuka, akakikamata kitambaa kwa ncha mbili, akakiinua juani. Maua ya nyuma hayakukutana na ya mbele. Yalipishana kama mume na mke walionuniana.

"Nani amekufundisha?"

"Video, Ami."

"Video za nani?"

Sarang alitazama chini. "Za Rabail."

"Basi kuna kitu simu haikukuambia."

"Niambie wewe, Ami."

"Hiyo ni siri ya nyumba. Mkwe huambiwa akishaoa."

"Na kuoa ni mpaka nichape?"

"Ndiyo."

"Ami, mlango huu umeufunga ndani na nje."

Bachal akarudi kwenye chai yake. Sarang akaenda bombani kunawa. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Usiondoke," Rabail aliandika.

"Nikae nifanye nini? Ulikuwa unajua?"

Rabail aliandika tena. "Nilijua. Baba alinikataza kuonyesha upande wa nyuma. Niliapa."

"Nilikutumia picha za mazoezi yangu yote. Ukawa unaniwekea mioyo!"

"Nilidhani leo atakuonyesha mwenyewe. Nisamehe."

Sarang alirudisha simu mfukoni. Alijifuta mikono kwenye suruali, akachukua mkoba wake.

Rabail akauacha unga, akatoka uani, mtandio umemteleza begani.

"Baba, wewe kuchapa pande mbili ulifundishwa na nani?"

"Na babu yako, baba wa mama yako. Hilo nalo la kuuliza?"

Kicheko kilitoka jikoni. Hakiman, mama yake Rabail, alijitokeza, kifimbo cha kusukumia mikate mkononi.

"Baba yangu ndiye aliyekufundisha? Baba yangu alishakukataa! Ulichapa ovyo kuliko huyu kijana. Sema, nani aliyekuletea muhuri wa pili, kaufunika kwa mikate kwenye kapu?"

Chai ilimpalia Bachal. "Hakiman! Mbele ya watoto?"

"Hapa hapa mbele yao. Sarang, weka mkoba chini, mwanangu. Huendi popote na njaa."

Sarang alisimama, mkoba bado begani. Bachal alikohoa mpaka akachoka, akafuta ndevu.

"Viwanda vinaiga kila kinachotoka kwenye simu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka nusu moja tu ibaki kwetu."

"Kiwanda kinataka haraka, hakina muda wa kuchapa mara mbili," alisema mkewe. "Mwenye muda ni huyu hapa, na wewe unamfukuza. Sema na lile jingine."

"Lipi?"

"Bachal!" mkewe alimkazia macho.

Mzee alikigeuzageuza kisosi kitupu. "Rabail akienda Karachi, nani atanisomea maoni ya watu jioni? Kuna yule bibi wa Norwe. Kila siku ananiuliza mgongo wangu unaendeleaje."

Rabail alijaribu kujizuia, akacheka.

"Nani amesema tunakwenda Karachi?" aliuliza Sarang. "Simu zinaharibika hapa pia, Ami."

Bachal alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye ajraki kuukuu. Akakifungua. Ulikuwa muhuri wa pili, ua lilelile, ila limechongwa kinyume: jani la kulia liko kushoto.

"Kila muhuri una mwenzake," alisema. "Huu ni wa mbele, huu wa nyuma. Mume na mke. Ndiyo maana maua hukutana."

"Na mume ni upi?" aliuliza Sarang.

"Ule unaojifanya unajua kila kitu," alijibu mama Hakiman, akarudi jikoni.

Walitandika kitambaa kipya. Jua lilikuwa kali, mbele ikakauka upesi. Walipokigeuza, Bachal aliushika mkono wa Sarang mara moja tu, kumwonyesha pa kuanzia, akauachia. Sarang akagonga, akakiinua kitambaa juani. Ua moja, si mawili.

"Baba, nirekodi?" aliuliza Rabail, simu mkononi.

Bachal alikuna ndevu. "Rekodi. Ila waambie ukweli kwamba mihuri ni miwili. Na yule bibi mwambie mgongo haujambo."

Rabail alipopita na kikombe cha maji, Sarang alimnong'oneza, "Ile mioyo ilikuwa ya kweli?"

"Yote. Hata kwa lile ua lililofanana na kiatu."

Jua likashuka nyuma ya ukuta, pindo la nyuma bado halijachapwa. Bachal akaikusanya mihuri.

"Acha. Chokaa inataka mwanga. Kesho pindo, halafu tukichovye kwenye rangi ya nili."

"Na watu wa Matiari, Ami?"

"Tutawaalika harusini. Wakija, waje na mchele."

Sarang hakuwa amefika mwisho wa kichochoro simu ilipotetemeka.

"Umebakiza pindo," Rabail aliandika.

"Kesho nitalichapa polepole makusudi," alijibu. "Niwekee chai."