Ufunguo wa Mbah Darmo

Maji ya nyumba ya Bu Warsini yalianza kunuka mafuta ya meli siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, jua la Surabaya likichoma mabati. Najua hiyo si saa ya majini. Majini hawa hawakusoma ratiba, kama mimi tu nilivyoikimbia shule kabla sijaijua ratiba yake.

Karakana yangu ya pikipiki iko mlango wa pili kutoka kwake. Kwa hiyo alaumiwe nani?

"Wewe Kasnadi," Bu Warsini alinijia na kata mkononi, "umemwaga oili yako, imeingia kwenye birika langu la kuogea. Ratri ana mimba ya miezi saba. Unataka mwanangu aoge dizeli?"

"Bu, oili yangu ghali kuliko sabuni yako. Siimwagi ovyo."

"Basi njoo unuse, mwenye pua."

Nikaenda. Pua yangu, nisijisifu sana, inaijua oili ya kila pikipiki ya mtaa huu hata mwenyewe akiwa hayupo. Nikainama juu ya birika la bafuni, lile la vigae wanalochotea maji ya kuoga. Maji yalikuwa safi hadi chini, naona nyufa za vigae. Lakini harufu ilikuwa nzito, ya zamani, ina masizi na chumvi ndani yake. Hiyo sikuijua, na nikasema ni bomba limeoza, kwa sababu nisingekubali kusema sijui.

Adhuhuri birika likaanza kugongwa. Kwa ndani.

Ko. Ko. Ko. Taratibu, kama mtu anayegonga mlango bila kutaka kumuudhi mwenye nyumba. Kugonga kukakoma, kukaanza tena. Tohir, mume wa Ratri, Mmadura wa kisiwa jirani, mwenye mikono kama makoleo, kazi yake kukata vyuma chakavu, alichota maji yote, akaingia birikani miguu mitupu, akapapasa kila kigae. Hamna kitu. Akajaza upya. Ko.

"Panya," nikasema.

"Panya anajua kuhesabu?" Tohir akaninong'oneza. "Nimesikiliza mara nne. Kila mara ni kumi na moja."

Siku ya tatu Ratri alikuwa amekaa barazani anakula embe bichi na pilipili, kisahani amekiweka juu ya tumbo kama wanavyofanya wajawazito wote wavivu. Nilikuwa namtania kwamba mtoto atazaliwa ana meno. Kisahani kikalia. Kikaruka kidogo, kikatua, kikaruka. Ratri alikitazama bila kukishika, na sisi sote tukakitazama, na hakuna aliyehesabu kwa sauti, ila midomo yetu ilikuwa inasogea.

"Mama," Ratri akasema polepole, "kwenye yale maji ya Jumamosi mlitia nini?"

Jumamosi aliogeshwa, kama kila mwanamke wa mtaani kwetu mimba ya kwanza ikifika mwezi wa saba: maji ya visima saba, maua ndani ya mtungi mmoja, wakubwa wanammwagia kata kwa kata. Yaliyobaki yalimiminwa birikani, baraka isipotee.

Bu Warsini akavuta ncha ya kilemba chake akafuta uso.

"Nilitia kile kitu cha babu yako," akasema. "Chini ya mtungi. Nilitaka na yeye awepo."

Kitu chenyewe nilikuwa nakijua tangu utoto. Mbah Darmo, baba yake Bu Warsini, alikuwa mchochea moto kwenye meli ya kivita ya Waholanzi, ikazamishwa na Wajapani, akarudi nyumbani mzima na kipande hicho cha shaba mfukoni: kirefu kama kiganja, kichwa mfano wa herufi T, ncha ina tundu la pembe nne. Hakusema ni nini mpaka anakufa. Kila mwezi wa Suro, wa kwanza wa mwaka wetu, watu wote wanapoosha majambia ya urithi kwa ndimu na maji ya maua, yeye alikifuta kwa kitambaa kikavu akakirudisha juu ya kabati. Tulimcheka. Bu Warsini aliona haya miaka yote kwamba urithi wa baba yake haujawahi kuogeshwa. Yeye aliamini ni kichwa cha mlingoti wa bendera. Tohir alisema mpini wa gramafoni. Mimi nilisema spana boksi, na kama si spana boksi nanyoa nyusi.

Akaitwa Pak Lasut, mzee wa Manado aliyestaafu jeshi la wanamaji, fundi wa injini. Alikuja ananitania mimi na nyusi zangu. Kisha akakishika kile kitu, na utani ukamtoka usoni.

"Baba yako alikaa wapi melini?" akamuuliza Bu Warsini.

"Chini, kwenye tanuri. Alisema siku ile alipandishwa juu, zamu ya mfuniko."

"Basi ndiyo kazi aliyopewa." Pak Lasut alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba Ratri amelala. "Huu ni ufunguo wa mfuniko wa chuma wa sakafuni. Maji yakiingia chumba cha chini unafungwa, meli isizame yote. Unafungwa kutoka juu. Walio chini hawana ufunguo."

"Na kuufungua?" nikauliza.

"Kutoka juu pia. Kwa ufunguo huu huu."

Hakuna aliyeuliza kwa nini Mbah aliondoka nao mfukoni.

"Chini wangekuwa wangapi, Pak?" Tohir akauliza.

"Zamu moja ya tanuri? Kumi na mmoja."

Nyusi zangu hakuna aliyezidai. Ningefurahi wangezidai.

Kiai Asrofi, shehe wa mtaa, alikuja baada ya alasiri. Alisoma juu ya maji, akatia chumvi, akanyunyiza pembe nne za nyumba, na kila alipovuta pumzi birika lilimjibu. Mwishowe akakaa chini, kanzu imeloa jasho.

"Wafu hawagongi," akasema. "Marehemu wako kwa Mola wao, wana kazi nyingine. Hawa ni majini waliokaa na wale watu gizani mpaka pumzi ya mwisho, wakajifunza kugonga kwao, na miaka yote hawakusikia mtu. Nyinyi mmeulowesha ufunguo kwa maji ya kuogeshea mimba, mkawaita. Wanataka mlango wao ufunguliwe, basi. Pelekeni ufunguo kwenye meli, utupwe palepale, wataufuata."

Bu Warsini akashusha pumzi, akataja jina la meli ya baba yake ili wavuvi waulizwe ilipolala. Tohir alikuwa amesimama mlangoni.

"Jina hilo lilikuwa kwenye kengele ya meli," akasema. "Mwaka juzi. Nilikuwa kwenye tishari la vyuma chakavu. Wazamiaji walifunga minyororo, winchi ikavuta, mimi nikakata. Miezi mitatu. Tulichukua hata misumari. Pale chini hakuna meli, Kiai. Kuna mchanga na shimo."

"Na mfuniko?" Kiai akauliza.

"Umeyeyushwa. Umeshakuwa nondo za nyumba za watu."

Kiai alifikiri, na nikaona macho yake yakizunguka chumbani yakitafuta mlango mwingine wowote uliofungwa wenye maji nyuma yake, yakapita birika, yakapita mtungi, yakafika kwenye tumbo la Ratri, yakaruka haraka. Lakini Ratri alikuwa ameshayaona.

Wiki nane tulizoishi baada ya hapo sitaki kuzirefusha. Walimhamishia Ratri kwa shangazi yake mjini Malang, milimani, mbali na bahari, na kisima cha huko kikanuka siku ya pili, wakamrudisha. Wakaufukia ufunguo makaburini, wakaukuta juu ya kabati umelowa. Mkunga alisikiliza tumbo kwa kile kibomba chake cha mbao, akasema moyo wa mtoto ni mzima lakini hauko peke yake, akaomba radhi akaenda zake, na tukalazimika kumleta mwingine asiyejua lolote. Ratri mwenyewe hakulia. Aliifunga tu mikono yote miwili chini ya tumbo, kama anayezuia kitu kisifunguke, na mara moja alimuuliza mumewe, "Mas, ufunguo unageuziwa upande gani kufungua?" na Tohir, ambaye amefungua vyuma maisha yake yote, akasema hajui.

Mtoto alizaliwa Ijumaa mchana. Wa kiume, mzima, kilo tatu na kitu. Hakulia hata kidogo. Alikuwa amekunja ngumi, na mkunga alipozikunjua tukaona vifundo vya vidole vimechubuka, vibichi, ngozi imesagika kama ya mtu aliyegonga kitu kigumu kwa muda mrefu sana.

Birika lilikuwa kimya. Bu Warsini akaanza kucheka na kulia pamoja, akasema wamekwenda, wamekwenda, akamfunika mjukuu wake kwa kanga ya batiki. Tohir akambeba. Mtoto akatoa ngumi moja nje ya nguo, akaigusa kwenye ubao wa kitanda, taratibu. Ko.

Bafuni wakamjibu. Ratri alifumba macho, nikajua anahesabu, nami nikahesabu naye, nikiomba nikosee, mimi niliyeacha shule.

Kumi.