Vifungo vya Mezani kwa Nesi

Saa saba mchana duka la fotokopi lilikuwa limefurika mpaka mlangoni, kwa kuwa ndiyo saa ambayo kila ofisi ya mtaa ule hukumbuka ina karatasi za kutoa nakala. Fundi wa miwani alikuwa amebanwa katikati ya foleni, kavaa blauzi ya rangi ya malai na sketi ya bluu iliyonyooshwa pasi ikanyooka, mkononi kashika karatasi za vipimo vya macho vya wateja. Mtu akasukuma kutoka nyuma. Aliyekuwa mbele yake akajikwaa, na karatasi za watu wawili zikamwagika sakafuni kwa pamoja.

Aliyejikwaa alikuwa fundi wa lifti, mrefu, ovaroli la kijivu, ananukia grisi na sabuni. Wakachutama kuokota. Mwanamke akaisoma moja, akakunja uso.

"Huyu m-m-mgonjwa wako," alisema taratibu, maana alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, "ana miaka mia tatu, na a-anaogopa maji?"

"Na wa kwako haoni hata pua yake," yule kaka akacheka. "Si mgonjwa, dada. Ni mtu wa kwenye mchezo wetu."

Foleni ilikuwa ndefu, akapata nafasi ya kumweleza. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anabuni mtu wake na kusema kwa kinywa chake. Yeye ndiye msimulizi: anawawekea safari na maadui, wao wanaamua la kufanya, na dadu inasema kama wamefanikiwa.

"Na mshindi ni n-nani?"

"Hakuna. Tunapata hadithi tu."

"Watu wazima wazima?"

"Mmoja wetu ana wajukuu wanne. Njoo Jumamosi ujionee."

Kilichompeleka si mchezo. Ni kwamba katika mazungumzo yote yale, kaka yule hakummalizia neno hata moja. Watu humwokotea maneno kinywani kana kwamba yamemponyoka. Huyu alingoja mpaka neno litoke lenyewe.

Basi Jumamosi alasiri akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa nesi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Mwalimu wa hesabu alikuwa amekwisha kaa, penseli sikioni. Fundi wa miwani akajibunia mlinzi wa lango la mji, mwanamke asiyebeba silaha, kazi yake kuwahoji wageni wote wanaoingia. Mlinzi naye alikuwa na kigugumizi, ila hakuomba radhi kwa yeyote. Wiki ya tatu alikuwa anamfokea jambazi mpaka nesi akapiga meza kwa furaha.

Kila mwisho wa mchezo msimulizi alitoa zawadi moja: kifungo cha shaba, cha koti kuukuu, kwa mchezaji aliyefanya jambo la kukumbukwa. Mwenye kifungo aliweza kurusha dadu mara ya pili ikimwangusha. Kitu kidogo, lakini walikipigania kama watoto.

"Nina vifungo saba," mwalimu alijigamba. "Msimulizi hajawahi kumpa mtu mwingine vingi hivyo!"

Nesi alikuwa na vitano. Fundi wa miwani hakuwa na hata kimoja, na mwanzoni wala hakujali, kwa sababu alikuwa na mengine. Msimulizi alimsindikiza hadi kituoni kila Jumamosi, halafu simu za saa ya chakula zikaanza.

"Laazizi, umekula?"

"N-nimekula. Na wewe uko wapi?"

"Nimening'inia juu ya lifti ya ghorofa ya tisa."

"Shuka basi, nani ataniita laazizi ukianguka?"

Wakapendana hivyo, kimya kimya. Pale mezani hawakusema kitu.

Ikaja Jumamosi ya jeshi. Askari elfu moja walikuwa langoni, mwalimu na nesi wanapanga namna ya kutoroka. Fundi wa miwani akasimama, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na mlinzi wake akatoka nje peke yake kuzungumza na jemadari. Alizungumza kwa dakika kumi. Alikwama, akaanza upya, akakwama tena. Alimwuliza jemadari majina ya askari wake, na atawaambia nini mama zao. Dadu ikaanguka vizuri, jeshi likageuka. Nesi alikuwa analia waziwazi.

Msimulizi akashika kifungo, akakigeuzageuza vidoleni. "Cha leo," alisema bila kuinua macho, "ni cha mwalimu, kwa kukumbuka ramani."

Hata mwalimu hakukipokea. Fundi wa miwani alichukua mkoba wake akashuka ngazi, na alipoitwa hakugeuka.

Wiki mbili hakupokea simu. Nyumbani dada yake, karani wa benki aliyeishi naye, alimwona anapangua kabati lililokuwa limepangwa.

"Mdogo wangu, mtu analia kwa sababu ya kifungo?"

"Si kifungo, dada. A-ananipenda tukiwa wawili. Mbele za watu anaona aibu ninavyoongea."

"Kakwambia hivyo?"

"Hajasema."

"Basi mwache aseme mwenyewe, ndipo umchukie vizuri."

Kwa hiyo siku fundi wa lifti alipoingia karakana ya miwani, hakumfukuza. Alikuwa amevaa shati jeupe, kanyoa mpaka kajikata kidevuni. Mwanamke aliendelea kuchonga lenzi, akisubiri mashine inyamaze.

"Unanionea aibu," alisema kabla hajasalimiwa.

"Mimi? Aibu?" Alishika ukingo wa meza. "Kila wiki kilikuwa chako. Wiki ya jambazi kilikuwa chako. Nilikuwa nakitoa mfukoni, moyo unasema mpe, najiuliza: ni kwa alichofanya au ni kwa sababu nampenda? Niliogopa wenzetu waseme ninapendelea. Niliogopa hata wewe usijue kama umekistahili."

"Kwa hiyo u-ukaninyima."

"Nilitaka kutenda haki."

"Hapana." Alivua miwani ya kazi akamtazama. "Ulitaka uonekane m-mtenda haki, na aliyeilipia ni mimi. Maisha yangu yote watu wananipunguzia, mpenzi. Mwenye duka ananificha huku nyuma nisiongee na wateja. Pale mezani ndipo nilipodhani napimwa kama wengine. Ukanipunja, tena kwa m-mapenzi."

Fundi wa lifti aliachia ukingo wa meza. "Nimekukosea," alisema. "Sina la kujitetea."

Hakuongeza neno, wala hakumgusa. Hilo ndilo lililomlainisha, kuliko maua yoyote.

Jumamosi alirudi kwa nesi. Msimulizi alisimama akawaeleza wenzake yote, kuanzia duka la fotokopi, jasho likimtoka.

"Mwanangu," nesi akamkata, "tulijua siku nyingi. Unamwangalia kama mgonjwa anavyoangalia chakula cha jioni."

Mwalimu alikuwa na pendekezo: kuanzia leo zawadi itolewe na wachezaji wenyewe, kila mtu amchague mwenziwe na aseme kwa nini. "Mimi namchagua mlinzi wa lango," alisema. "Jeshi zima lilirudi kwa maneno. Mimi nilikumbuka ramani tu."

"Na mimi," nesi akasema.

Fundi wa miwani alipokea vifungo viwili akavitia kwenye mfuko wa blauzi. Neno la shukrani lilichelewa kutoka, na hakuna aliyemharakisha.

Wakati wa kushuka, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, fundi wa lifti alisimama.

"Nina la kuuliza. Halina dadu."

"Uliza."

"Nije kwa dada yako kujitambulisha? Nije na wazee wangu?"

Akamtazama, kidevu chenye kovu jipya, mikono isiyojua pa kukaa. "Dada yangu a-atakuhoji kuliko mlinzi wa lango."

"Anihoji."

"Atakuuliza unanipendea nini."

"Ana muda?"

Akacheka, akatoa simu palepale ngazini na kubonyeza namba ya nyumbani. "Dada," alisema, huku kamshika mkono, "Jumapili usiende popote. Kuna m-mtu anakuja."