Maji ya Kusukutulia

Jumatatu ya tatu ya Oktoba, Oliva aligonga tenki la kliniki kwa kifundo cha kidole, kama alivyofanya kila asubuhi, akasikia limejaa mpaka shingoni.

Mji wa Newala ulikuwa na siku kumi na tisa bila maji ya bomba. Madumu yalipangwa foleni kwenye kioski tangu alfajiri, na wenye miguu mizuri walitelemka ukingo wa uwanda kwenda kuchota bondeni. Kliniki ilitumia lita mia mbili kwa siku. Tenki lilikuwa la lita elfu tano, na Oliva hakukumbuka lini aliliona limepungua.

"Boza lilikuja saa ngapi?" alimuuliza Mujibu, mlinzi.

"Boza gani, dada Oliva?"

"Lililoleta maji."

Mujibu alitazama mchanga mwekundu wa uani. Alikuwa ameufagia jana jioni. Mistari ya ufagio ilikuwa bado ipo na hapakuwa na alama ya tairi.

"Muulize daktari," alisema. "Mimi nimeajiriwa geti."

Daktari alikuwa Ambrosi, mjomba wake Oliva, mdogo wake mama yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemsomesha, kuanzia shule ya msingi Chiwata mpaka cheti cha utabibu wa meno. Alipofungua kliniki yake miaka minne iliyopita, mtu wa kwanza kumwita kazini alikuwa yeye.

Wagonjwa wao wengi walikuwa wageni: walimu wa kujitolea, wauguzi, wataalamu wa korosho, watu wa nchi za mbali wenye mikataba ya miaka miwili au mitatu Masasi na Newala. Zamani walisubiri likizo, au walisafiri mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya kusafishwa meno tu. Sasa kampuni moja ya bima ya ng'ambo ilikuwa imeiweka kliniki ya Ambrosi katika orodha yake. Sharti kubwa lilikuwa moja, na lilipigiwa mstari: maji yasikatike hata siku moja.

Hayakukatika.

Siku hiyo hiyo Oliva aligundua harufu. Alikuwa anajaza kikombe cha kusukutulia, akasikia harufu ya majani yaliyooza kivulini. Alimwaga akajaza kingine. Aliyachemsha, harufu ikabaki. Wageni walisukutua, wakatema, wakashukuru.

Alhamisi, akila muhogo wa kuchemsha, gego lake la chini lilitoka. Halikuuma. Alilitemea kiganjani: jino zima na mizizi yake miwili, kavu, bila tone la damu. Oliva alikuwa na miaka thelathini na mitatu na alikuwa ameng'oa meno ya watu mamia kwa mamia. Hakuwahi kuona jino la mtu aliye hai likitoka kavu.

Alilifumbata akaenda ofisini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Ambrosi hakuinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Alinyoosha kiganja. "Nipe nikalitupe."

Oliva akampa. Kwao jino hutupwa na mwenyewe, juu ya paa, na halikabidhiwi mtu. Lakini mjomba si mtu baki. Oliva alikuwa amerudi hadi chumba cha matibabu, ameshavaa glavu, ndipo alipojiuliza mjomba amejuaje kilichokuwa ndani ya ngumi yake.

Katikati ya Novemba yalikuwa yametoka manne. Ambrosi alimpiga picha ya taya, akaitazama kwenye mwanga.

"Taya ni zima," alisema. "Ni upungufu wa madini. Unywe maziwa."

Kila mara alinyoosha kiganja.

Ijumaa iliyofuata alikuja Julia. Alikuwa Mdenmaki, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja upande wa Chidya, na kila miezi sita alifika kusafishwa meno bila kukumbushwa. Ilikuwa saa sita na dakika kumi mchana. Mujibu alikuwa ameenda msikitini. Ambrosi alikuwa ametoka kwenda posta.

"Safari hii usinigombeze," Julia alisema akijilaza kwenye kiti. "Nimepiga mswaki sana."

"Meno hayajui kudanganya, mwalimu. Fungua." Oliva aliingiza kioo. "Huku mbele umepiga mswaki. Huku nyuma ulipita ukasalimia tu."

Julia alicheka, kisha akafunga macho na kuacha mdomo wazi, kama wagonjwa waliozoea.

Oliva alianza kukwangua ugaga kwenye meno ya chini. Mashine ya kunyonya mate ilikuwa ikiguruma. Halafu haikuguruma. Hakuizima. Kimya kilichobaki kilikuwa na harufu, ile ya majani, na ilikuwa ikitoka mdomoni mwa Julia.

"Mwana wa Helena," mtu akasema kwa Kimakonde, akitaja jina la mama yake.

Oliva aliangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Alirudisha macho kwenye kioo kidogo alichokishika, na ndani ya kioo aliuona ulimi wa Julia umelala sakafuni mwa mdomo, haujatikisika, na koo lake limetulia kama la mtu aliyesinzia, na bado maneno yalikuwa yanapanda kutoka humo, Kimakonde cha Chiwata kisicho na kosa, kutoka kwa mwanamke ambaye hata salamu ya lugha hiyo hakuijua, na sauti iliyoyasema, Oliva alichelewa kuitambua kwa sababu hakuna anayeizoea sauti yake mwenyewe ikimjia kutoka nje, ilikuwa sauti yake.

"Usiogope huyu. Huyu nimemwazima kidogo tu, sina haki naye. Mimi ni wa kwenye maji, na maji hayana mdomo. Mjomba wako alikuja akataka nimfuate, nikamwambia anipe mdomo, akanipa wako. Nimetoa manne. Yakitoka yote, nitahamia."

Mashine ikaanza kuguruma tena. Julia alifumbua macho.

"Kuna tatizo, dada Oliva? Umeacha."

"Hapana, mwalimu. Sukutua."

Alimwona akiyatia maji mdomoni.

Ambrosi aliporudi, Oliva alimfuata kwenye chumba cha dawa akafunga mlango. Waliongea kwa kunong'ona, kwa sababu Julia alikuwa bado mapokezi akijaza fomu ya bima.

"Mjomba, umenitoa kwa nani?"

Ambrosi alipanga upya chupa mbili za ganzi zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Imesema na wewe?"

"Imesema kwa sauti yangu."

Alikaa juu ya katoni. Hakukana. Alieleza kama anavyomweleza mgonjwa hatua za kuziba jino. Mwaka wa kwanza maji yalikatika wiki tatu, na mkaguzi wa bima alikuwa njiani. Alishuka kwenye chemchemi iliyoko chini ya ukingo, upande wa Ruvuma, ile ambayo watu wa zamani hawakuchota bila kuomba. Akaomba. Akaulizwa atatoa nini, akapewa miaka mitatu kabla ya kulipa.

"Ningempa nani, Oliva? Wanangu si wangu, ni wa ukoo wa mama yao. Nikiwataja, mwenye maji ananicheka. Wageni wana balozi zao, na tena si watu wangu. Mtu hutoa cha kwake. Kwa mila zetu, cha kwangu ni mtoto wa dada yangu."

"Ulinisomesha."

"Nilikusomesha."

"Kwa hili?"

"Hapana." Alionekana kuumia kwa swali hilo. "Hili lilikuja baadaye."

Oliva alisimama akishika kitasa cha mlango.

"Meno si tatizo," Ambrosi alisema kwa upole. "Nitakutengenezea ya bandia mwenyewe. Mazuri kuliko hayo."

Jumamosi asubuhi Oliva alikuwa Chiwata kwa mama yake. Mama Oliva alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa nyumba, wakaenda pamoja kwa Sultani. Sultani alikuwa fundi baiskeli, na kwa kazi aliyorithi kwa baba yake alitoa majini. Aliwasikiliza akiwa ameinamia mnyororo.

"Nani kakutoa?"

"Mjomba."

Aliacha mnyororo. "Angekuwa baba yako ningecheka, nikakurudisha nyumbani. Baba hana chake kwako. Mjomba ndiyo kazi."

"Nikihama je?" Oliva aliuliza. "Nikienda Masasi, nikienda mbali?"

"Meno yatatoka huko huko mbali." Alijifuta grisi. "Aliyekutoa akutoe tena, safari hii mikononi mwake mwenyewe. Tenki limwagwe lote, jua likiwa la utosi. Naye asimame mbele ya maji aseme mara tatu kwamba wewe si wake. Akishasema, hana mpwa. Hutamrithi, hatakuzika. Mnaelewa?"

Mama Oliva alianza kulia.

"Tunaelewa," Oliva alisema.

"Na asikatishe. Asipoanza, jino linatoka moja moja. Akianza akakatisha, mwenye maji atachukua kilichobaki chote kwa mara moja."

Mama Oliva alimpigia simu mdogo wake hapo hapo. Ambrosi alikubali kabla dada yake hajamaliza kueleza. Alisema imekuwa ikimsumbua. Alichagua siku mwenyewe, Ijumaa, saa sita mchana, kwa sababu siku hiyo hana mgonjwa hata mmoja.

Ijumaa hiyo jua lilisimama wima juu ya ua. Safari hii Mujibu aliombwa abaki getini. Sultani alifungua koki ya chini ya tenki na maji yakaanza kumwagika mchangani.

Haikupita robo saa wanawake wa mtaa walikuwa getini na ndoo.

"Haya si ya kunywa," Mujibu aliwaambia.

"Mbona Wazungu mnawapa?"

"Wazungu wanayatema."

Walibaki pale pale wakitazama. Waliona alichokiona Oliva: maji yalikuwa yakimwagika kwa nguvu, na mchanga ulikuwa haulowi. Yaligusa ardhi yakapotea, na harufu ya majani yaliyooza ikajaa ua wote mpaka mwanamke mmoja akafunika pua kwa kanga. Ndani ya tenki kulikuwa na mlio, mdogo, kama mtu anayetafuna taratibu.

Maji yalipofika nusu, Sultani alimwashiria Ambrosi. Daktari alikuwa amevaa koti lake jeupe. Alisogea.

"Oliva si wangu," alisema.

Oliva, aliyeshikwa mkono na mama yake, alihisi ufizi ukimwuma pale jino la kwanza lilipokuwa. Alimeza. Ilikuwa damu. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba kidonda chake kilitoka damu kama cha mtu, na machozi yakamtoka kwa furaha ya maumivu hayo.

Mlio ndani ya tenki uliongezeka. Maji yalishuka hadi robo, yakawa mkondo wa unene wa kidole.

"Oliva si wangu," Ambrosi alisema mara ya pili. Sauti yake ilikuwa imara.

Kutafuna kukakoma. Mkondo ukawa uzi. Sultani aliinua kidole kimoja, kuonyesha kwamba imebaki mara moja.

Gari lilipiga honi getini.

Mujibu alitazama nyuma, hakujua afanye nini, akafungua. Julia alishuka, na nyuma yake wageni wawili, mwanamume na mwanamke, vijana, ngozi zao bado hazijazoea jua. Julia alisimama alipowaona watu wote wale uani.

"Samahani," alisema. "Daktari, uliandika saa sita na nusu. Hawa ndio wenzangu wapya. Tumewahi?"

Oliva alimgeukia mjomba wake. Ambrosi hakumtazama. Aliwatazama wageni wawili, akalitazama lile tenki ambalo lilikuwa linatoa matone sasa, moja, kisha jingine, na kila tone lilikawia kuliko lililotangulia, Sultani akiwa bado ameinua kidole, na Oliva aliyajua maneno matatu yaliyobaki na akayaona midomoni mwa mjomba wake, akaona midomo ikifunguka kuyasema, halafu ikifumba.

Ambrosi aliinama akafunga koki.

"Maliza," Mama Oliva alisema. "Ambrosi. Mdogo wangu. Maliza."

Ambrosi alitoa leso akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Wagonjwa wamefika, dada."

Ndani ya tenki maji yalianza kupanda. Hakuna aliyeyaleta. Waliyasikia wote yakipanda kutoka chini, robo, nusu, mpaka juu, na mfuniko ukatikisika mara moja ukatulia.

Sultani aliokota mfuko wake. Alipompita Mama Oliva alimwambia bila kusimama, "Mimi nimeshindwa. Mtoe hapa sasa hivi."

Oliva alimgeukia Julia upesi. Alitaka kumwambia arudi garini na wenzake, asifungue mdomo wake katika nyumba hii tena. Alivuta pumzi, na ulimi wake ukakuta meno yote yaliyobaki yamelegea, makavu. Alifungua kinywa.

"Karibuni," sauti yake ilisema kwa uchangamfu. "Karibu mwalimu. Karibu Anders. Karibu Signe. Mmetoka mbali, ingieni mpumzike."

Wageni wawili walitazamana, kisha wakamtazama Julia.

"Umewatajia majina yetu?" msichana aliuliza.

"Hapana," Julia alisema.

Ambrosi alikuwa ameshafungua mlango wa kliniki na kuushikilia. Sauti ya Oliva iliendelea kuwahimiza waingie, tamu, bila haraka. Miguu yake ilianza kutembea kuelekea mlangoni. Mama yake alivutwa naye hatua tatu, kwa sababu mkono wa Oliva, uliokuwa bado wake, haukumwachia. Ulikuwa umemkaza kiasi kwamba kucha ziliingia nyamani, na kadiri sauti ilivyozidi kucheka na wageni, ndivyo ulivyozidi kukaza.