Kufuli Lililobaki

Jumamosi asubuhi baba alikuwa akimimina nafaka kwenye mashine ya kusagia. Mama alikuwa nje, akipokea wateja na ndoo zao. Binti yao alikaa juu ya gunia, kitabu mkononi. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea uhandisi wa mitambo. Mtaani walimwita Profesa.

Ghafla mashine ikatoa mlio wa ajabu. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa chumbani.

"Mkanda umechomoka," baba alisema. "Profesa, njoo. Wewe si injinia?"

Profesa alifunga kitabu. Hesabu za mikanda alizijua vizuri na mitihani alifaulu. Lakini mkanda wenyewe hakuwahi kuugusa. Aliona haya kumwambia baba.

Alizima swichi iliyokuwa mlangoni, akarudi. Alishika spana kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Baba akaingiza mkono kwenye gurudumu la mashine ili aurudishe mkanda.

Huko nje wateja walianza kunung'unika. Mama akachungulia ndani, akaona swichi imezimwa. Alidhani imejizima yenyewe. Akaiwasha.

Mota ikanguruma. Mkanda ukanasa mkono wa shati la baba.

"Zima! Zima!"

Mama aliganda kama jiwe. Profesa akaruka magunia, akaipiga swichi kwa kiganja. Mashine ikasimama. Shati lilikuwa limechanika hadi begani. Mkono wa baba ulichubuka na kuanza kuvimba.

Mama akakaa chini palepale. "Baba watoto, nusura nikuue," alisema huku akilia.

Jirani yao alisikia kelele, akaja mbio. Alikuwa injinia wa matengenezo katika kiwanda cha sabuni, na watoto wa mtaa walimwita Shangazi Spana. Aliutazama mkono, akasema baba apelekwe zahanati mara moja. Bahati njema, mfupa haukuvunjika.

Jioni Shangazi Spana alikuja tena kumjulia hali mgonjwa.

"Lakini Profesa alizima swichi," mama alisema.

"Kuzima tu hakutoshi, wifi," Shangazi Spana alijibu. "Mtu mwingine anaweza kuwasha bila kujua, kama ulivyofanya wewe. Unazima, kisha unaifunga swichi kwa kufuli. Ufunguo unabaki mfukoni mwa anayetengeneza. Unatundika kibao cha kuonya watu. Halafu unajaribu kuiwasha mashine. Ukiona kimya, ndipo unaingiza mkono."

"Hayo tulisoma, shangazi," Profesa alisema polepole. "Hata swali la mtihani lilikuwepo."

"Basi kichwa kimesoma. Mikono bado. Karakana ya chuo unaingia?"

"Naingia. Ila wenzangu wanashika vifaa, mimi naandika ripoti."

"Na mafunzo kwa vitendo likizo hii utayafanyia wapi?"

Profesa aliinamisha uso. "Kwa mjomba. Atanisainia fomu za chuo."

"Mjomba gani? Yule anayeuza magodoro?"

Baba alicheka, kisha akaugulia mkono wake. Lakini Shangazi Spana hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu. Kazi za uhandisi ni nyingi. Kuna wanaobuni mitambo na wanaoitunza. Kuna wanaopima ubora wa bidhaa. Kuna wanaosimamia usalama wa wafanyakazi. Wengine hufungua karakana zao. Utajuaje ipi inakufaa kama hujaonja hata moja? Na siku ya kuomba kazi, watakuuliza umewahi kufanya nini. Utawaambia nini, umelala juu ya godoro?"

"Nianzie wapi?"

"Nenda idarani kwenu. Yupo mtu anayewatafutia wanafunzi nafasi. Kiwandani kwetu tunapokea, lakini omba na kwingine. Na ukipata, uliza maswali mpaka watu wakuchoke."

Baba alikunja uso. "Yaliyonipata leo hayajatosha? Unataka mtoto wangu akakatwe vidole huko?"

"Kaka, mimi nataka ajifunze kuvilinda. Vyake na vya wenzake."

Lakini asubuhi ya Jumatatu, Profesa alipoaga kwenda idarani, baba hakumzuia.

Alipata nafasi kiwandani kwa Shangazi Spana. Walimpa kofia ngumu, viatu vizito na kufuli lake mwenyewe. Mwanzoni alikaza nati vibaya, mafuta yakavuja sakafuni. Aliambiwa afute, afungue, akaze upya. Mikono ikaota malengelenge. Lakini kila siku aliondoka akijua kitu kipya.

Siku moja mapanga yanayozunguka ndani ya pipa kubwa la kuchanganyia sabuni yaliharibika. Profesa na mafundi walizima umeme, kila mmoja akafunga kufuli lake kwenye swichi. Walipomaliza, kila aliyekuwepo akatoa lake. Kufuli moja likabaki.

Msimamizi wa uzalishaji alifika akihema. Malori yalikuwa getini yakisubiri mzigo.

"Hilo la nani?"

"La fundi mkuu," mmoja alijibu. "Nadhani ametangulia kula."

"Kateni. Tunapoteza siku!"

Mtu akaleta mkasi wa kukatia chuma. Profesa aliutazama mkasi. Yeye alikuwa mwanafunzi tu. Neno moja baya, na nafasi imepotea. Shangazi Spana alikuwa jengo la pili.

Akasogea, akasimama mbele ya swichi.

"Samahani, mzee. Usikate. Tumtafute kwanza."

"Nani wewe? Toka hapo!"

"Sitoki." Alilifunika kufuli kwa kiganja. "Kufuli likiwepo, mtu yupo. Tuangalie ndani ya pipa. Kama hayumo, nifukuze."

Msimamizi alimkazia macho, kisha akamwashiria fundi mmoja apande ngazi. Fundi akachungulia mdomo wa pipa. Akageuka, uso umempauka.

"Yumo," alisema kwa sauti ndogo. "Yuko chini kabisa. Amevaa vizibo vya masikio, anakaza nati ya mwisho."

Mkasi ukaanguka sakafuni. Msimamizi akashika ukuta.

Baadaye kidogo fundi mkuu akatoka, jasho likimtiririka. "Vipi? Mbona mnaniangalia kama mzimu?"

Profesa alijificha nyuma ya kabati la vifaa, akalia kimyakimya.

Likizo ilipokwisha, kiwanda kilimwomba arudi mwaka unaofuata kufanya mradi wake wa mwisho. Alichagua usalama wa mitambo. Alipohitimu, nafasi ya kazi ilitangazwa. Aliomba na kuhojiwa kama wengine. Walipomuuliza amewahi kufanya nini, alikuwa na mengi ya kusema. Akaajiriwa.

Wiki yake ya kwanza kazini, mlango wa ofisi uligongwa. Alikuwa yule msimamizi wa uzalishaji, kofia mkononi.

"Injinia," alisema, "nataka uwafundishe watu wangu. Na uanze na mimi."