Macho Katika Sanduku la Kushoto

Kila siku saa saba mchana Bintu alirudi kutoka shuleni, akafungua mlango wa nyumba yao ya mtaa wa Nguba na kuyasalimia mayai. Hakuwa na mwingine wa kumsalimia. Wazazi wake walikuwa Shabunda, na Tantine Gisèle, mdogo wa mama yake aliyemchukua ili asome Bukavu, alishinda chuo kikuu mpaka jioni. Darasani wenzake waliyacheka matamshi yake, naye akaona heri anyamaze. Mtoto wa miaka kumi na miwili akizoea kuongea na mayai, ujue amekosa watu, ingawa mayai ni wasikivu wazuri.

Mayai yalikuwa ya mémoire ya Tantine, yaani ile kazi ya utafiti ya kumalizia masomo yake ya biolojia. Yalikaa katika masanduku mawili ya mbao, kila moja likipashwa joto na balbu. Tantine alikuwa amemweleza anachotafuta: jinsi retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unavyojengwa ndani ya yai. Kila seli ya kifaranga, alisema, ina kitabu kizima cha jeni, ila haisomi kurasa zote. Seli jirani huipelekea ujumbe: ukurasa huu fungua, ule funga. Ndivyo moja inavyokuwa seli ya jicho na nyingine ya bawa. Mayai ya sanduku la kushoto aliyatia dawa ya kuzuia ujumbe mmoja tu, aone kama macho yatachelewa kukua. Ya kulia hakuyatia kitu, yawe ya kulinganishia.

Kazi ya Bintu ilikuwa kusoma vipimajoto saa saba, saa tisa na saa kumi na moja, kisha kuandika kwenye daftari. "Trente-sept et demi," yaani nyuzi thelathini na saba na nusu, Tantine alimkumbusha kila asubuhi akiwa mlangoni.

Jumanne, wakati wa kutoka shuleni, msichana wa darasa lake aitwaye Nathalie alimwambia waende kwao. Tangu Bintu afike Bukavu hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alikwenda moja kwa moja, mkoba mgongoni. Walikula bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, wakasukana nywele, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Alipoyakumbuka mayai, saa kumi na moja ilikuwa imekaribia.

Alifika nyumbani akihema. Sanduku la kushoto lilikuwa giza. Balbu ilikuwa imeungua, pengine tangu asubuhi, na kipimajoto kilionyesha ishirini na tatu. Alifunga balbu ya akiba, akaketi, akaandika uongo mara tatu: 37,5. Aliogopa kurudishwa Shabunda, na aliogopa zaidi kukatazwa kwenda kwa Nathalie.

Jumamosi Tantine aliyafungua mayai. Vifaranga vichanga vya kulia vilikuwa na macho makubwa, meusi. Vya kushoto vilikuwa vidogo, macho yao yamepauka. Tantine alipiga makofi, akampigia simu Profesa Adalbert anayemsimamia, akamwambia dawa imefanya kazi. Akamkumbatia Bintu na kumwahidi kwamba jina lake litaandikwa kwenye ukurasa wa shukrani. Bintu alijua kilichoyachelewesha yale macho ni baridi. Alikuwa mikononi mwa mtu anayempenda, na hajawahi kujiona mpweke kama saa ile. Jumatatu Nathalie alimwita tena, naye akakataa, maana aliona aibu kucheka.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bintu iliishia mezani jioni hiyo hiyo. Tantine alifungua kompyuta, akamwomba amsomee daftari ili aingize vipimo. Vya siku za kwanza Bintu alivisoma vizuri.

"Mardi, saa saba?" Tantine aliuliza walipofika Jumanne.

Bintu alizitazama tarakimu zake, nadhifu kuliko zote kwenye ukurasa.

"Hiyo sikupima," alisema. "Hata ya saa tisa, hata ya saa kumi na moja. Sikukuwa hapa, Tantine. Balbu iliungua, nikakuta mayayi ya kushoto iko baridi."

Tantine hakumgombeza. Alifunga kompyuta, akajitupia kitenge mabegani, akatoka. Bintu angependelea kukaripiwa. Aliingia chumbani, akapanga nguo zake zote ndani ya begi, akaketi kitandani akilia na kungoja.

Tantine alirudi na trei ya mayai mapya kutoka kwa Maman Emérence, jirani anayefuga kuku. Aliliona begi, akauliza ni la safari gani. Alipoelezwa, aliketi kando ya Bintu. Kisha akasema kwamba seli huharibika ikipata ujumbe wa uongo, lakini huharibika pia ikikosa jirani wa kuipa ujumbe wowote, na kwamba hilo la pili lilikuwa kosa lake yeye. Akamletea daftari. Hakumruhusu kuchana ukurasa. Bintu alipiga mstari mmoja juu ya kila uongo, akaandika kando: Sikuwepo.

Walianza upya. Sasa Nathalie alikuja Nguba baada ya masomo. Mmoja alisoma kipimajoto, mwingine akahakiki. Mayai yalipofunguliwa, macho ya kushoto yalikuwa meusi sawasawa na ya kulia. Dawa haikufanya kitu. Tantine aliwaambia walimu wake hivyo hivyo, nao wakaikubali kazi yake.

Siku hiyo Bintu alimwuliza kama ana huzuni.

"Huzuni iko," Tantine alijibu. "Lakini sikiliza, mutoto wangu. Kosa yenye ulisema, tuliitengeneza. Yenye ungeficha, mwalimu mumoja angeifundisha batoto, na bao bangeamini ni kweli."