Mwali Aliyesifiwa kwa Ukimya

Kila asubuhi Shangazi Mwanahalima aliingiza uji chumbani, kisha akarudishia mlango. Zuwena, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa mwali. Kwao Kisarawe, binti akivunja ungo huwekwa ndani afundwe, na zamu yake iliangukia likizo ya Desemba. Dirisha lilizibwa kwa kanga mbili, na nje mvua za vuli hazikukatika. Humo ndani saa sita mchana na magharibi vilifanana.

Wiki ya kwanza Zuwena alicheka na kuuliza maswali hadi shangazi akachoka. Wiki ya tatu alilala mchana, akakesha usiku, na uji ukawa unarudi kama ulivyoletwa. Alilia bila kujua analilia nini.

"Mwoneni mwali alivyotulia!" shangazi aliwatambia majirani. "Neno moja humsikii. Huyo kafundika!"

Maskini Zuwena! Kadiri alivyozama, ndivyo alivyosifiwa. Akisema anaumia, si ataambiwa hana adabu?

Jumamosi mama yake, mfanyakazi wa kiwandani Zegereni, alikuja na sare mpya. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Darasa la saba hilo!"

"Sitaki shule."

Mama akacheka, akidhani ni utani. Zuwena akajikaza.

"Sijatulia, mama. Naumwa moyoni. Hata kuoga naona mzigo. Wiki ya pili sasa."

"Mh! Mwali gani wa kunung'unika?" shangazi aliruka. "Zimebaki siku mbili tu!"

"Wifi, mila naiheshimu," mama alijibu, "lakini ugonjwa wa mwanangu siufichi."

Wote watatu wakaenda zahanati. Nesi Imakulata alimsikiliza Zuwena hadi mwisho.

"Mafunzo hayana ubaya," alisema. "Lakini mtu akikosa mwanga wa mchana, matembezi, na wenzake wa kuzungumza nao, usingizi huvurugika na moyo huweza kuzama. Akae nje kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu. Nitamwona kila wiki."

Jumatatu Zuwena alikwenda shule akijikongoja. Ilipita karibu mwezi ndipo kicheko chake kikasikika tena uani. Shangazi alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini, machozi yakamtoka.

"Mimi niliwekwa ndani miezi mitatu," alisema. "Nililia hivyohivyo, nikasifiwa, nikanyamaza mpaka leo. Mwanangu, moyo ukiuma, sema. Na sisi wakubwa, tusisifu ukimya wa mtoto kabla hatujamuuliza."