Chui Asiyekuwemo Kitabuni

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alisimama mbele na kuwapendekezea wenzake riwaya. Juma hilo zilitakiwa riwaya za ujasiri na kupata marafiki, na zamu ilikuwa ya Redio. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu akianza kuongea hazimiki.

Kitabu alikuwa nacho wiki nzima. Kilikaa chini ya mto, kikalaliwa vizuri kabisa, lakini hakikusomwa. Basi alitupia jicho jaladani, akaona msichana mwenye begi mbele ya geti, akaanza.

"Jamani, huyu binti anapambana na chui! Chui mkubwa kama kabati la mwalimu mkuu! Anamchapa mwiko wa pua, chui anapiga chafya, anatimua mbio mpaka madoa yanabaki njiani!"

Darasa likaangua kicheko.

"Acha kamba, Redio!"

"Yamo humo humo. Nendeni mkasome!"

Aliyekwenda kukiazima alikuwa Mgeni, msichana aliyehamia muhula huo. Alikuwa hajapata rafiki, na alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

Jumatatu, Redio aliingia maktaba akasikia kwikwi nyuma ya rafu. Mgeni alikuwa mbele ya meza ya mkutubi, kitabu kifuani.

"Mwalimu, nimekisoma chote, nikarudia. Chui simwoni. Darasa zima wanamjua, mimi tu ndiye sijamwona. Naomba nirudishwe darasa la nne. Sijui kusoma."

Mkutubi akainua macho. "Redio, afadhali umekuja. Hebu mwonyeshe mwenzako ukurasa wa chui."

Masikio ya Redio yakapata moto. Alifunua huku, akafunua kule. "Labda... labda kurasa zimenyofoka, Mwalimu."

"Kitabu ni kizima, mwanangu."

"Usimgombeze," Mgeni akadakia, akifuta machozi. "Huenda huyo chui nilimruka mwenyewe. Mimi ni mzito."

Kutetewa huko kulimchoma Redio kuliko fimbo. Akatamani sakafu ipasuke.

"Hakuna chui," akasema kwa sauti ya chini. "Nilimtunga. Kitabu sikukisoma."

Mgeni alimkazia macho. "Tangu Ijumaa najiita mjinga," akasema, akaacha kitabu mezani, akaondoka.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema Redio.

"Uliongopa mbele ya darasa zima. Unaniomba mimi msamaha wa nini?"

Wiki hiyo Redio alikisoma, neno kwa neno. Kila ukurasa ulimwongezea aibu, kwa kuwa msichana wa kitabuni alifanana na Mgeni mno. Ijumaa akaomba kusimama tena.

"Niliwadanganya. Chui hayumo. Sikuwa nimekisoma, na Mgeni akadhani kosa ni lake. Mgeni, nisamehe."

"Redio imeishiwa betri!" mmoja alipiga kelele. Wakamcheka, na safari hii kicheko hakikuwa kitamu. Lakini hakurudi kukaa.

"Sasa nimekisoma. Kinamhusu msichana anayefika shule mpya, na siku nzima hakuna anayemuuliza jina. Ujasiri wake ni kwamba kesho yake anarudi."

Nyuma, mikono ikaanza kuinuka kukiomba.

"Muulizeni Mgeni kwanza. Alikisoma kabla yangu, tena mara mbili."

Mgeni akasimama. Alieleza taratibu, bila kukosea hata jambo moja, na hakuna aliyemkatiza.

Mkutubi, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alimsogelea Redio. "Ukimwambia mtu asome kitabu, anakifungua kwa kukuamini. Asipokuta ulichomwahidi, mwenye moyo mwema hatakulaumu wewe, atajilaumu mwenyewe. Kwa hiyo soma kwanza, ndipo usifu. Na ukiongopa, sema upesi, kabla mwingine hajaubeba uongo wako."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Redio, macho sakafuni.

Alipoyainua, Mgeni alikuwa amesogea pembeni kwenye benchi lake, akaacha nafasi ya mtu mmoja.